Swali Linalopelekwa kwa Mundu Mue

Kwenye nguzo za stima za Nairobi, Mombasa na Nakuru hukosi vikaratasi vilivyogundishwa kimoja juu ya kingine: mganga kutoka Kitui, hurudisha mpenzi aliyeondoka, hunasa mwizi, huondoa nuksi, hutazamia nyota, hufungua biashara iliyokwama. Chini yake pana nambari ya simu. Wakati mwingine mji hautajwi, huandikwa tu "Ukambani", na hilo linatosha. Sifa hii imesambaa hadi Kenya nzima inaijua kamuti, ile dawa ya Kikamba inayodaiwa kumfunga mume asitoke nyumbani, au kumfanya mwizi agande na mali aliyoiba. Kijana wa Mutomo au wa Kibwezi akiingia chuo kikuu, muhula wa kwanza hauishi kabla wenzake hawajamuuliza kama amekuja nayo.

Nina shaka kama wengi wa wenye nambari hizo wamewahi kukanyaga Kitui. Jina la mahali limekuwa bidhaa. Lakini nyuma ya biashara ya nguzoni ipo desturi ya kweli, ya zamani kuliko stima yenyewe, na inastahili kufikiriwa kwa utulivu kuliko inavyofikiriwa kanisani au kwenye vichekesho vya runinga. Katika vilima vya Mbooni na Kilungu, na katika tambarare kavu za Ikutha na Kyuso, wapo watu wanaoitwa andu awe, kwa umoja mundu mue, wanaosikiliza shida za watu na kuzitafutia chanzo kwa kumwaga mbegu na vijiwe kutoka kibuyuni. Gerhard Lindblom, msomi kutoka Uswidi aliyeishi Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliwaandika kwa kirefu katika kitabu chake kuhusu Wakamba. Kabla yake C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, alikuwa ameshachapisha chake mwaka 1910. Wote wawili walikuta watu wanaotofautisha vikali kati ya mundu mue, anayetafuta chanzo cha taabu, na mundu muoi, anayeileta.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji asinitafute. Siamini kwamba mbegu zinajua jambo lolote. Hakuna njia ninayoiona ambayo kwayo punje iliyookotwa chini ya mti inaweza kupata habari za ndoa ya mtu, na hakuna mtu aliyewahi kuipima njia hiyo ikasimama. Nasema hivyo pia kuhusu ramli ya Pwani, nyota za gazetini, na karata za taroti ambazo siku hizi vijana wa mijini wanazifuatilia kwenye simu zao. Hata hivyo sikubali kwamba wote wanaokwenda huko ni wajinga. Watu wazima wenye akili timamu, wanaojua bei ya mahindi na siku ya soko, hawawezi kushika jambo vizazi na vizazi ikiwa haliwapi chochote. Linawapa nini, na wanalipia nini?

Kikao nilichokishuhudia kilikuwa upande wa Ikutha, wakati wa ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kukausha misimu mitano ya mvua mfululizo. Nilikuwa nimemsindikiza shangazi yangu, ambaye ng'ombe wake walikuwa wanaisha. Mundu mue alikuwa bibi mzee aliyeketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya bati, upinde mdogo mapajani, kibuyu kando yake kimezibwa kwa gunzi la hindi. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imetandikwa mbele yake, imechakaa katikati hadi manyoya yameisha.

"Umekuja na neno gani, mwanangu?"

"Ng'ombe, mwaitu. Wanaisha."

Bibi, ambaye shangazi alimwita mwaitu, yaani mama, alipigapiga uzi wa upinde kwa kijiti, mlio wa chini unaojirudia, akinong'ona maneno ambayo sikuyashika yote. Kisha akatikisa kibuyu, akamwaga. Mbegu zilitawanyika juu ya ngozi, nyekundu, nyeusi, na nyingine zilizopauka kwa kushikwa. Akazitenga kwa kidole fungu moja moja, akabaki akitazama chache zilizosalia.

"Naona njia imefungwa."

Shangazi kimya.

"Si ya huku ulikoolewa. Ya kwenu."

Hapo shangazi alishusha pumzi kana kwamba mtu amemtua mzigo. Akaanza kusema. Alisema kuhusu kaka yake na mpaka wa shamba la baba yao, kuhusu matanga ya mama yao ambayo aliondoka kabla hayajaisha, kuhusu fahali aliyeuzwa na fedha ambazo kila mmoja alidhani mwenzake amekula. Bibi alimwaga tena na tena, na kila mara neno lake lilikuwa fupi na la shangazi refu. Mwisho shangazi aliuliza lile lililomleta.

"Ni nani, mwaitu?"

Bibi alizikusanya mbegu zote kiganjani, akazirudisha kibuyuni, akaziba. "Mimi nimeona njia. Mtu sijamwona." Akamwagiza aende kwa kaka yake na unga na sukari kabla mvua haijanyesha, wale pamoja, waongee habari za mpaka.

Shangazi alikwenda. Waliongea na kaka yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na mpaka ukapimwa upya mbele ya wazee. Ng'ombe waliobaki walikufa vilevile, kwa sababu hapakuwa na nyasi.

Nimekieleza kikao hiki kwa urefu kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu. Tuanze na lile la njia iliyofungwa. Ni mwanamke gani wa Ukambani, aliyeolewa mbali na kwao, mwenye umri wa kuzikiwa wazazi, asiye na jambo lisilomalizika na ndugu zake? Bibi alitoa neno pana, mgeni akalijaza kwa maisha yake mwenyewe. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiambiwa kwamba yameandikwa kwa ajili yake peke yake kutokana na jaribio alilofanya. Ukweli ni kwamba wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, sehemu kubwa yakiwa yametoka kwenye kitabu cha unajimu kilichokuwa kikiuzwa madukani. Walipoulizwa maelezo yanawafaa kiasi gani, wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Jaribio hilo limerudiwa mara nyingi tangu wakati huo na matokeo ni yaleyale. Binadamu akipewa sentensi yenye nafasi, ataingia mwenyewe.

Karata za taroti zinafanya kazi kwa namna hiyohiyo, na historia yake inafundisha. Zilizuka kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa karata tu, wa kupata na kukosa, na kwa zaidi ya miaka 300 watu walicheza nazo pasipo kutabiri chochote. Mwaka 1781, mjini Paris, Antoine Court de Gébelin alidai kwamba picha zake ni hekima ya siri ya makuhani wa Misri ya kale. Alisema hayo wakati ambapo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Yalikuja kufumbuliwa mwaka 1822. Utabiri ulipandikizwa juu ya mchezo, na ukashika. Mwanafalsafa wa Kiingereza Michael Dummett aliifuatilia historia hii katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 1980. Seti inayotumiwa zaidi leo, yenye karata 78, ilichorwa na Pamela Colman Smith mwaka 1909: mnara unaopigwa radi, gurudumu la bahati, mzee mwenye taa mlimani, mwanamke aliyefungwa macho katikati ya panga. Ni picha zilizochaguliwa vizuri. Ukizitazama huku una jambo moyoni, jambo hilo litajitokeza kwenye mojawapo.

Watu wengi wenye kupenda sayansi huishia hapo. Wakishaonyesha kwamba maneno ni mapana na karata ni mchezo, wanafunga faili. Mimi naona kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kikao cha Ikutha kilileta matokeo mema ambayo mchungaji wa shangazi, chifu wake na sisi watoto wa ukoo tulikuwa tumeshindwa kuyaleta.

Fikiria kibuyu kinafanya nini hasa. Kinaleta bahati nasibu katika mazungumzo. Ramli ya Pwani ina maumbo 16, kila moja safu nne za nukta moja au mbili. Ifa ya Wayoruba huko Nigeria ina maumbo 256. Taroti ina karata 78 zinazochanganywa. Katika zote, kitu kisicho na akili wala upendeleo kinaamua mazungumzo yaanzie wapi. Mwaka 1957 Omar Khayyam Moore, mwanasosholojia Mmarekani, aliandika kuhusu wawindaji Wanaskapi wa Labrador, Kanada, waliokuwa wakichoma mfupa wa bega wa mnyama na kusoma nyufa zake ili wajue waelekee wapi kuwinda. Hoja yake ilikuwa kwamba mfupa haujui alipo mnyama, lakini unawazuia wawindaji kurudi kila mara palepale walipofanikiwa jana, hadi wanyama wajifunze kuwakwepa. Kutojua kwa mfupa ndiko kunakowafaa.

Mtu mwenye shida naye ana njia zake alizozizoea. Anauzunguka uchungu wake akipita mahali palepale, anawaza ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Kitu cha nje kinapomwambia "tazama upande wa kwenu", hata kama kimesema kwa kubahatisha, kinamtoa kwenye mzunguko. Tena kinampa ruhusa. Shangazi asingeweza kumtembelea kaka yake hivi hivi, angeonekana ameshindwa. Lakini kwenda kwa sababu mundu mue ameagiza ni jambo jingine, hakuna anayeshindwa hapo. George Park, mwanaanthropolojia, aliandika mwaka 1963 kwamba uaguzi huondoa uamuzi mabegani mwa mtu mmoja na kuupa uhalali mbele ya wote. Naliona hilo likitokea hata kwa dada wa Nairobi anayejitandikia karata chumbani kwake kabla ya kuacha kazi. Karata haijamwambia kitu. Amepata dakika ishirini za kukaa na hofu yake bila simu mkononi, na picha ya kuizungumzia.

Ningeweza kusimama hapa, na wengi wanaoitetea taroti kwa hoja za akili husimama hapa. Wanasema: itumie kama kioo cha nafsi, usiiamini, itakufaa. Ni shauri zuri kwa mtu aliye peke yake na karata zake. Ukambani swali lenyewe ni zito zaidi, kwa sababu kibuyu hakiulizwi kuhusu nafsi. Kinaulizwa kuhusu msiba.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi, maji yakiwa yamefurika. Lilisombwa. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao wanakwaya. Jinsi ilivyotokea kila mtu anaijua: mvua ilinyesha juu, mto ukajaa, basi likaingia majini. Anayemlilia dada yake haulizi jinsi. Anauliza kwa nini yeye, kwa nini basi lile, kwa nini alibadilisha mawazo asubuhi ile akapanda wakati alikuwa amesema haendi.

E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa mpaka wa Sudan Kusini ya leo na Kongo, alieleza jambo hili kwa mfano wa ghala. Ghala linaanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini chake. Mzande anajua fika kwamba mchwa walikula nguzo, na anajua kwamba watu walikaa pale kwa ajili ya jua. Anachotaka kuelezwa ni kwa nini mambo hayo mawili yalikutana saa ile, juu ya watu wale. Sisi husema ni bahati mbaya. Yeye husema ni uchawi, kisha huenda kumuuliza kuku aliyelishwa sumu iitwayo benge. Evans-Pritchard mwenyewe alikiri kwamba alipoishi huko aliendesha mambo ya nyumba yake kwa kufuata majibu ya benge, na hakuona kama ni njia mbaya kuliko nyingine.

Jibu la bahati mbaya ni la kweli. Nalishikilia. Lakini ni jibu gumu kulala nalo, na mtu asiyeweza kulilalia simcheki.

Hapa namkumbuka John Mbiti, ambaye pengine ndiye mwanafikra mkubwa zaidi aliyetoka Kitui. Alizaliwa Mulango mwaka 1931, akasoma Makerere na Cambridge, na mwaka 1969 alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu dini na falsafa za Afrika. Alifariki Uswisi mwaka 2019. Katika kitabu hicho aliwatetea waganga wa jadi dhidi ya matusi ya wamisionari na wakoloni, akiwaona kuwa msaada mkubwa kwa jamii zao. Hoja iliyomletea umaarufu na mabishano zaidi ilikuwa ya wakati. Akichambua nyakati za vitenzi katika lugha yake ya Kikamba, alidai kwamba fikra za jadi zina wakati uliopita mrefu sana na wakati wa sasa mpana, lakini wakati ujao haupiti miezi michache, au miaka miwili ukizidi. Wapo waliompinga, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, ambaye alionyesha kwamba Waakan wana maneno na mipango ya siku za mbali. Mimi pia nadhani Mbiti alivuta mbali mno. Mkulima wa Makueni anayepanda mwembe anajua anangoja miaka.

Lakini kuhusu kibuyu, Mbiti anatusaidia kuona jambo. Mtu anayekwenda kwa mundu mue mara nyingi haulizi litakalotokea. Anauliza lililokwisha kutokea: nani alikosewa, nini hakikutimizwa, deni gani la waliotangulia halijalipwa. Hii ndiyo tofauti yake kubwa na taroti ya mijini, ambayo huulizwa kuhusu mapenzi yajayo na kazi ijayo. Swali linalotazama nyuma lina uzuri wake, kwa sababu linaweza kurekebisha uhusiano uliovunjika, kama lilivyofanya kwa shangazi. Lina pia hatari ambayo swali la mbele halina. Ukitazama mbele na ukakosea, umejikosea mwenyewe. Ukitazama nyuma kutafuta chanzo cha msiba, na ukakataa kwamba chanzo ni mto au ukame, utafika kwa mtu.

Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni ya Kenya iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba kwa kumuua mwanamke waliyesema amemroga mke wa mmoja wao. Walimpiga hadi akafa. Hukumu hizo baadaye zilipunguzwa, lakini kesi ilizua mjadala hadi Uingereza. Mwanahistoria Katherine Luongo ameichambua katika kitabu chake cha mwaka 2011, na kinachoonekana humo ni watu ambao hawakujiona wahalifu hata kidogo. Kwa maoni yao walikuwa wakiilinda jamii, na serikali ndiyo ilikuwa ikimlinda mwuaji. Mambo haya hayakuisha na ukoloni wala hayakubaki Ukambani. Mei 2008, huko Kisii, zaidi ya watu kumi waliuawa kwa kuchomwa wakituhumiwa uchawi. Oktoba 2021, katika kaunti hiyohiyo, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizo. Kilifi, wazee wenye mvi wameishi kwa hofu kwa miaka, wengine wakiuawa na jamaa zao wenyewe, na katika baadhi ya visa nyuma ya tuhuma pana shamba linalogombaniwa.

Waliolipa ni nani? Kwa kawaida ni mwanamke mzee, mjane, asiye na watoto wenye nguvu, anayekaa karibu na aliyefiwa. Hajawahi kuingia kwenye kikao. Hakuulizwa. Jina lake limetoka kwenye mbegu, au zaidi, limetoka kinywani mwa mteja na mbegu zikalipa muhuri. Lile jambo la uhalali ambalo Park aliliandika, na ambalo nimelisifu, linageuka hapa kuwa la kutisha: chuki ya mtu mmoja inatoka kikaoni ikiwa imevaa sauti ya mababu.

Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, ingali kwenye vitabu. Inakataza kujidai mchawi kwa kuwatisha watu, na inafanya kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi mbele ya yeyote isipokuwa chifu, polisi au mwenye mamlaka. Sehemu hiyo ya pili naiheshimu. Udhaifu wa sheria hii ni kwamba iliandikwa na watu wasiojali tofauti kati ya mundu mue na mundu muoi, hivyo bibi wa Ikutha aliyepatanisha ndugu wawili na tapeli wa nguzoni anayemtajia mtu adui yake wanaweza kusimama kizimbani pamoja.

Kuna gharama nyingine ya swali la nyuma, isiyotoa damu, na kwa hiyo haionekani haraka. Linapotafuta mtu, linaacha kutafuta sababu. Mto Enziu ulikuwa ukivukwa kwa kivuko cha chini, ambacho maji yalikipanda kila mvua kubwa iliponyesha. Daraja la juu lilianza kujengwa baada ya vifo. Huo ndio uchunguzi wa "kwa nini" unaoweza kuokoa mtu mwingine, na hakuna kibuyu kilichowahi kutaja daraja. Vivyo hivyo kwa ng'ombe wa shangazi. Ukame ule ulitokana na mabadiliko ya joto la Bahari ya Pasifiki na ya Hindi, ukiongezewa makali na joto la dunia linalopanda. Ndugu wakipatana, ni heri. Bahari haibadiliki kwa sababu hiyo.

Njia ya kutazama mbele bila kumtafuta mtu ipo, nayo iko Kitui na Makueni. Kila mwaka kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo kwa Ukambani ndizo za kutegemewa zaidi, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa msimu. Hausemi "itanyesha". Unasema uwezekano wa mvua kuzidi wastani ni mkubwa, au mdogo, au ni nusu kwa nusu. Mkulima anayetaka kujua kama apande mtama kabla ya mvua, mbegu zikingojea kwenye vumbi, anapewa nafasi badala ya jibu. Inachosha. Hata viongozi hulewa hamu ya jibu moja: Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba mvua ya El Niño iliyotabiriwa haitakuwa kubwa kama ilivyohofiwa, na Novemba mafuriko yakaja, yakaua watu zaidi ya 100. Uwezekano haukuwa umetoweka kwa sababu ya tangazo.

Lakini tazama adabu iliyomo katika utabiri wa namna hiyo. Unasema mapema, kwa maneno yanayoweza kuonekana yamekosea. Ukikosea, unaandikwa, unalinganishwa na wa mwaka uliopita, unarekebishwa. Wazande, kuku akitoa jibu lisilotimia, husema sumu ilikuwa mbovu au mwiko ulivunjwa. Msomaji wa taroti husema swali liliulizwa vibaya. Kibuyu hakina daftari la makosa. Huko Vihiga wazee wa ukoo wa Nganyi, maarufu kwa mvua tangu zamani, walikubali kuketi na wataalamu wa Idara na wa ICPAC, kituo cha kikanda cha utabiri wa hali ya hewa, wakalinganisha dalili zao za miti na wadudu na takwimu za vipimo, kisha wakatoa utabiri pamoja. Nauona mkutano huo kuwa mojawapo ya mambo ya busara zaidi yaliyofanywa na pande hizo mbili nchini mwetu. Maarifa ya mzee hayakudharauliwa, wala hayakusamehewa kupimwa.

Natamani hali kama hiyo Ukambani kwa upande wa msiba. Watu wataendelea kufiwa, na wataendelea kuuliza kwa nini, na zahanati zetu nyingi hazina mshauri wa kumsikiliza mtu kwa saa nzima. Mundu mue mwenye hekima ana saa hiyo. Ana namna ya kufungua kinywa kilichofungwa. Kumfukuza kwa sababu mbegu hazijui kitu ni kuitupa kazi anayoifanya pamoja na dhana anayoifanyia kazi. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni, makanisa na wazee wa ukoo wangefanya jambo jema kuwaita andu awe mezani na kuafikiana nao jambo moja tu: jina la mtu halitoki kikaoni. Njia iliyofungwa itajwe, deni litajwe, mwiko utajwe ukitaka. Jina hapana.

Nawe msomaji, uwe unakwenda kwa kibuyu, kwa ramli au kwa karata za taroti zilizo kwenye simu yako, chukua swali linalokuuma na usikilize unachokisema wewe mwenyewe ukiwa pale, kwa kuwa humo ndimo mna faida yote utakayoipata. Mbuzi akiugua, mwite daktari wa mifugo. Mtoto akiwa na homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na yeyote anayekusomea akianza kukutajia jirani, mama mkwe au bibi mzee wa ng'ambo ya mto kuwa ndiye chanzo cha shida zako, simama uondoke, na jina hilo usilifikishe nyumbani.